Hifadhidata ya kwanza inapogoma: dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Hifadhidata hufundishika vizuri zaidi kwa mikono: unaunda jedwali, unaingiza watu, unauliza swali, unapata jibu. Shida huanza jibu linapokataa kuja, au linapokuja likiwa si lenyewe. Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, kwa sababu anayeanza hajui jina la tatizo lake. Anachojua ni kile anachokiona kwenye skrini. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotangulia ndicho kinachotokea mara nyingi zaidi.

Mfano wetu ni kikundi cha kuweka na kukopa. Daftari lake halihitaji maelezo: nani mwanachama, kaweka ngapi, kakopa ngapi. Programu ni SQLite, tukiitumia kupitia DB Browser for SQLite, ambayo ni ya bure, inafanya kazi kwenye laptop ya kawaida na haihitaji intaneti ikishawekwa. Hifadhidata nzima ni faili moja. Ninaposema safu ni zile zinazoshuka (jina, simu, kiasi). Mstari ni rekodi moja inayokwenda mlalo.

Majedwali ya zoezi ni haya:

CREATE TABLE wanachama (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  simu TEXT,
  mtaa TEXT
);

CREATE TABLE michango (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  mwanachama_id INTEGER NOT NULL REFERENCES wanachama(id),
  tarehe TEXT NOT NULL,
  kiasi INTEGER NOT NULL
);

La tatu, mikopo, lina safu zilezile za michango. TEXT ni safu ya maandishi, INTEGER ni ya namba kamili, na NULL maana yake hakuna thamani iliyoandikwa. PRIMARY KEY ni ufunguo mkuu, yaani namba inayoutambulisha kila mstari; REFERENCES ni ufunguo wa nje, yaani namba inayoelekeza kwenye mstari wa jedwali jingine.

Ujumbe mwekundu ndio unaowatisha wanafunzi, na kumbe ndio wenye nafuu: SQLite imekataa kazi, hakuna kilichoharibika, na mara nyingi imekutajia mpaka neno lililoikwaza. Ya kuogopwa ni yale yanayopita kimya, amri imekubaliwa, jedwali limejaa, na jumla ni ya uongo. Hayo nimeyapa nafasi kubwa zaidi.

Tahadhari moja inahusu kila kitu hapa chini. Kabla ya UPDATE (amri ya kubadilisha) au DELETE (ya kufuta) yoyote, funga programu, nakili faili, na uipe nakala jina lenye tarehe ya leo. Na zoezi lifanyike kwa majina ya kubuni, si kwa daftari halisi la kikundi.

Dalili: data za jana hazipo leo

Kisababishi cha kwanza, na kinashinda vingine vyote kwa mbali: hukuhifadhi. DB Browser haiandiki mabadiliko kwenye faili mpaka ubofye Write Changes, au Ctrl+S. Ukiona kitufe hicho kimewaka, ujue ulichokiona kwenye jedwali bado hakijaingia kwenye faili. Anayetumia Python ana mtego uleule kwa sura nyingine: INSERT bila commit() hupotea muunganisho unapofungwa.

Cha pili: umefungua faili jingine. Angalia jina na folda juu ya dirisha. Mara nyingi kuna kikundi.db kwenye Desktop na kikundi.db nyingine kwenye Downloads, moja imejaa na moja tupu. Kwa wanaotumia amri ya sqlite3 hali ni mbaya zaidi, maana ukikosea jina la faili haikwambii kwamba halipo. Inakufungulia hifadhidata mpya isiyo na kitu. Ukisha kuuliza swali ndipo unapata "no such table: wanachama" na kudhani mtu kafuta. Andika .databases uone njia kamili ya faili ulilolifungua.

Cha tatu: ulianzisha sqlite3 bila kutaja jina la faili kabisa. Hapo kila kitu kilikaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kilikwenda nayo ulipofunga. Hakirudi, hata kwa fundi. Ndiyo maana ni vizuri kuhifadhi amri zako za CREATE na INSERT kwenye faili la maandishi pembeni; ukizirudisha, umerudi ulipokuwa.

Dalili: ujumbe mwekundu, amri inakataliwa

Hapa tupite haraka.

"no such column: Asha" maana yake umesahau nukuu. Maandishi yote yanakaa ndani ya nukuu moja: 'Asha'. Ukiona ujumbe uleule lakini jina limezungukwa na alama zilizopinda, ‘Asha’, basi amri ilinakiliwa kutoka Word au WhatsApp, na nukuu zake zimebadilishwa. Zifute, uziandike upya kwa kibodi.

near "ambo": syntax error. Hili ni letu wenyewe. Umeandika mtaa = 'Ng'ambo', na SQLite imeona ritifaa ikadhani maandishi yameishia kwenye Ng. Ritifaa iliyo ndani ya maandishi huandikwa mara mbili: 'Ng''ambo'. Wakufunzi wanaotumia mifano ya John na Mary hawakutani na kosa hili mpaka siku mwanafunzi anapoingiza ng'ombe, ng'ambo au jina la ukoo lenye ng'. Liwekwe kwenye zoezi la kwanza kabisa, makusudi.

"4 values for 3 columns" wakati wewe umehesabu thamani tatu: tazama pesa. VALUES (1, '2024-03-05', 20,000) ina thamani nne, maana koma ya elfu imekata 20,000 ikawa 20 na 000. Pesa huandikwa bila koma.

"UNIQUE constraint failed: wanachama.id" ni kwamba namba hiyo ina mwenyewe. Usiandike id kabisa. Acha SQLite igawe.

Dalili: id haijijazi, inaonyesha NULL

Karibu mara zote jedwali liliundwa kwa INT PRIMARY KEY badala ya INTEGER PRIMARY KEY. Kwenye SQLite hayo si mamoja. INTEGER PRIMARY KEY, kwa neno hilo hasa, ndiyo inayojigawia namba. INT haijigawii, na kwa sababu ya kosa la zamani ambalo waundaji wa SQLite wameliacha ili wasivuruge hifadhidata zilizokwishatengenezwa, ufunguo mkuu wa namna hiyo hukubali NULL bila kulalamika.

Kama jedwali bado lina mistari ya mazoezi tu, lifute uliunde upya; ni kazi ya dakika. Kama lina data, unda jedwali jipya lenye INTEGER, hamisha data kwa INSERT INTO ... SELECT ukiacha id, hakiki idadi ya mistari, ndipo ufute la zamani. Ila kama michango tayari inarejelea hizo id, usihamishe kabla hujaelewa nani ni nani, maana ukigawa namba upya, mchango wa Asha utakwenda kwa Juma.

Dalili: namba ya simu imepoteza sufuri ya mbele

Uliandika 0700000000, jedwali linaonyesha 700000000.

Anza na Excel. Ukifungua faili la CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi, thamani zikitenganishwa kwa koma) kwa kulibofya mara mbili, Excel inaona namba, inaondoa sufuri, na ukihifadhi basi sufuri imekwenda kabla data hazijafika kwenye SQLite. Fungua CSV kwa Notepad uone kama sufuri bado ipo. Kama ipo, Excel haina kosa, endelea chini.

Pili, aina ya safu. Kama simu ni INTEGER, sufuri itaondolewa hata ukiandika nukuu. Simu hatuijumlishi wala hatuigawanyi. Ni maandishi yaliyovaa sura ya namba, basi safu iwe TEXT. Mantiki hiyo ni ya namba ya kitambulisho na sanduku la posta pia.

Tatu, safu ni TEXT lakini uliandika namba bila nukuu. SQLite ilisoma 0700000000 kama namba, ikawa 700000000, ndipo ikaihifadhi kama maandishi.

Kurekebisha kunafuata mpangilio: kwanza geuza safu iwe TEXT (Database Structure, kisha Modify Table), halafu:

UPDATE wanachama SET simu = '0' || simu WHERE length(simu) = 9;

Ukiitanguliza UPDATE, safu ya INTEGER itameza sufuri tena na utaona kana kwamba amri haikufanya kitu. Kabla ya kuiendesha, badilisha UPDATE iwe SELECT uone mistari itakayoguswa. Zile zinazoanza na 255 au 254 zina urefu mwingine na haziguswi.

Dalili: jumla ya pesa hailingani na daftari

Hii ndiyo dalili inayostahili muda wako, maana hakuna ujumbe hata mmoja utakaokuonya.

Anza na ukaguzi wa sekunde moja. Endesha SELECT SUM(kiasi) FROM michango. Na utazame mwisho wa jibu. Safu yenye namba kamili tupu hutoa jumla isiyo na desimali. Ukiona .0 mwishoni, kuna maandishi yaliyojificha kati ya namba zako.

*Kisababishi cha kwanza: koma, na ile /= yetu.* Mtu aliandika 20,000 au 20,000/= kwenye Excel, ikaingizwa hivyo. Safu umeitangaza INTEGER, kwa hiyo ungetarajia SQLite ikatae. Haikatai. SQLite hujaribu kugeuza iwe namba, ikishindwa inahifadhi maandishi kama yalivyo. Wakati wa kujumlisha inasoma tarakimu za mwanzo mpaka inapogonga kisichosomeka: 20,000 inahesabiwa 20. Mchango wa elfu ishirini umegeuka shilingi ishirini.

Kuna la kuchekesha zaidi. 20000/= isiyo na koma hujumlishwa sawasawa, kwa kuwa tarakimu zote ziko mbele. Lakini ukiuliza WHERE kiasi > 50000, mstari huo wa elfu ishirini utatokea, sababu kwa SQLite maandishi yoyote ni makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo jumla inaweza kuwa sahihi huku orodha ya waliochangia zaidi ya 50,000 ni ya uongo.

Itafute mistari ya namna hiyo:

SELECT id, kiasi, typeof(kiasi) FROM michango
WHERE typeof(kiasi) <> 'integer';

Orodha ikiwa tupu, ruka kisababishi hiki. Ikiwa na mistari, isome yote kwa macho kabla ya kusafisha. Ukikuta koma na /= tu, basi:

UPDATE michango
SET kiasi = TRIM(REPLACE(REPLACE(kiasi, ',', ''), '/=', ''))
WHERE typeof(kiasi) = 'text';

Rudia swali la typeof. Yatakayobaki ni ya kurekebisha kwa mkono: "Tsh 5000", "elfu kumi", "atalipa kesho". Usitunge amri ya kijanja kwa mistari sita.

Ili yasirudi, unda jedwali upya ukiongeza neno STRICT baada ya mabano ya mwisho: ... kiasi INTEGER NOT NULL) STRICT; Hapo SQLite itakataa kwa ujumbe "cannot store TEXT value in INTEGER column". STRICT ilianza na toleo 3.37.0 la mwaka 2021. Programu ya zamani zaidi ya hapo haitalielewa neno hilo, wala haitafungua faili lenye jedwali la namna hiyo. Binafsi naona anayeanza angefundishwa STRICT tangu siku ya kwanza. Ulegevu wa SQLite una faida zake kwa mtaalamu, kwa mwanafunzi unaficha makosa.

*Kisababishi cha pili: umeunganisha majedwali mawili ya pesa kwa mpigo.* Mwanafunzi anataka ripoti moja: jina, jumla ya michango, jumla ya mikopo. Anaandika:

SELECT w.jina, SUM(c.kiasi), SUM(k.kiasi)
FROM wanachama w
JOIN michango c ON c.mwanachama_id = w.id
JOIN mikopo k ON k.mwanachama_id = w.id
GROUP BY w.id;

Amri inapita bila neno. Chukua Asha, mwenye michango 3 ya 10,000 na mikopo 2 ya 50,000. Kila mchango unaoanishwa na kila mkopo, inakuwa mistari 6. Michango yake inasomeka 60,000 badala ya 30,000. Mikopo 300,000 badala ya 100,000. Mwanachama mwenye mchango mmoja na mkopo mmoja yuko sawa kabisa, na ndiyo maana ukijaribu na data chache hulioni kosa.

Kulithibitisha, toa SUM na GROUP BY, weka SELECT w.jina, c.kiasi, k.kiasi na WHERE w.id = 1, utazame mistari ikijirudia. Mkufunzi akiwafanya wanafunzi waihesabu kwa kidole kwenye skrini, hawasahau tena.

Wengi hukimbilia SUM(DISTINCT c.kiasi). Usifanye hivyo. Asha mwenye michango mitatu ya 10,000 atabakiwa na 10,000 moja. Tiba ni kujumlisha kila jedwali peke yake:

SELECT w.jina,
  (SELECT COALESCE(SUM(kiasi), 0) FROM michango WHERE mwanachama_id = w.id) AS jumla_michango,
  (SELECT COALESCE(SUM(kiasi), 0) FROM mikopo WHERE mwanachama_id = w.id) AS jumla_mikopo
FROM wanachama w;

*Kisababishi cha tatu: CSV imeingizwa mara mbili.* Jumla huwa karibu maradufu ya daftari. Tafuta mistari pacha:

SELECT mwanachama_id, tarehe, kiasi, COUNT(*) FROM michango
GROUP BY mwanachama_id, tarehe, kiasi HAVING COUNT(*) > 1;

Si kila pacha ni kosa. Mtu anaweza kuleta 5,000 asubuhi na 5,000 jioni. Linganisha na daftari kabla ya DELETE.

*Simama hapa:* kama hizi ni pesa za watu kweli, na baada ya ukaguzi wote bado kuna tofauti, usiitafutie marekebisho ndani ya hifadhidata. Mwite mhasibu au mweka hazina akae na daftari na stakabadhi. Tofauti hiyo huenda si ya kompyuta.

Dalili: tarehe zinajipanga ovyo, au zimegeuka namba

Ukiona 2016 mahali ulipoandika 2024-03-05, hukuweka nukuu, na SQLite imefanya hesabu ya kutoa: 2024 toa 3 toa 5. Ukiona 0, uliandika 05/03/2024 bila nukuu, ikagawanya. Tarehe halisi haimo tena humo. Iandike upya kutoka kwenye daftari.

Kama tarehe zinaonekana nzuri ila ORDER BY inaweka 05/12/2023 mbele ya 06/01/2022, tatizo ni mpangilio. SQLite haina aina maalumu ya tarehe. Inapanga maandishi herufi kwa herufi kuanzia kushoto, ikianza na siku. Mwaka ukitangulia, mpangilio unajiweka wenyewe: 2024-03-05. Kwa tarehe zote zilizo na umbo la siku/mwezi/mwaka, tarakimu mbili, mbili, nne:

UPDATE michango
SET tarehe = substr(tarehe,7,4) || '-' || substr(tarehe,4,2) || '-' || substr(tarehe,1,2)
WHERE tarehe LIKE '__/__/____';

Tahadhari: kama faili lilipita kwenye kompyuta iliyosetiwa kwa mtindo wa Marekani, baadhi ya tarehe zitakuwa mwezi/siku. 13/04 inajieleza, 03/04 haijielezi. Ukikuta mitindo yote miwili kwenye faili moja, usiendeshe amri hii. Rudi kwenye chanzo.

Dalili: mtu yupo kwenye jedwali, swali halimpati

Kwanza, nafasi tupu. 'Asha ' yenye nafasi nyuma si 'Asha'. Endesha SELECT jina, length(jina) FROM wanachama. Asha akiwa na urefu 5, umempata mchawi. UPDATE wanachama SET jina = TRIM(jina); inatosha, isipokuwa data zilitoka kwenye ukurasa wa wavuti; huko kuna nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM haiioni, na dawa yake ni REPLACE(jina, char(160), ' ') kabla ya TRIM.

Pili, herufi kubwa. Alama ya = inatofautisha 'asha' na 'Asha'; LIKE haitofautishi.

Tatu, NULL. WHERE simu = NULL hairudishi mtu hata mmoja, siku zote. Andika simu IS NULL. Na kwa kuwa CSV mara nyingine huleta maandishi matupu badala ya NULL, ongeza OR simu = ''.

Nne, JOIN ya kawaida, inayounganisha wanachama na michango, huwaacha wasio na mchango. Ukitaka orodha ya wote, tumia LEFT JOIN. Wanafunzi hufika hapo, wakaongeza WHERE c.tarehe >= '2024-01-01', na wasiochangia wakatoweka tena. Sharti linalohusu jedwali la kulia likae kwenye ON, si kwenye WHERE.

Dalili: kila mwezi unalazimika kuongeza safu mpya

Jedwali lina jina, januari, februari, machi. Hakuna kilichoharibika, ni umbo la daftari lililohamishiwa kompyuta kama lilivyo. Kwenye karatasi linafaa. Kwenye hifadhidata litakulazimisha uandike jumla ya safu kumi na mbili kwa mkono, na mwaka ujao uanze upya. Mwezi ni thamani, mahali pake ni ndani ya safu ya tarehe, kila mchango mstari wake. Kama tayari una data, INSERT INTO michango ... SELECT moja kwa kila safu ya mwezi itazihamisha.

Dalili: kuna mchango wa mwanachama namba 99, na mwanachama huyo hayupo

Uliandika REFERENCES, ukadhani SQLite italinda. SQLite inaelewa ufunguo wa nje tangu toleo 3.6.19 la mwaka 2009, lakini kwa chaguomsingi ulinzi wenyewe umezimwa, na unawashwa kwa kila muunganisho:

PRAGMA foreign_keys = ON;

Kwenye DB Browser, tazama kisanduku cha Foreign Keys katika kichupo cha Edit Pragmas. Kwenye sqlite3 na Python, iandike kila unapofungua. Kuwasha hakukagui yaliyokwishaingia. Kwa hayo kuna PRAGMA foreign_key_check, itakayokuorodheshea mistari yatima.

Dalili: "database is locked"

Mara nyingi ni wewe mwenyewe: DB Browser iko wazi na mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, huku Python inajaribu kuandika. Bofya Write Changes au funga mojawapo. La sivyo kuna dirisha la pili la programu hiyohiyo limejificha nyuma. La sivyo faili liko kwenye folda inayoshirikiwa kwa mtandao au inayosawazishwa na Google Drive. Lihamishie kwenye diski ya kompyuta.

*Simama hapa:* kama makatibu wawili wanahitaji kuandika wakati mmoja kutoka kompyuta mbili, faili la SQLite kwenye folda ya pamoja si jibu, na litaharibika siku moja. Tafuta mtu wa kukuwekea PostgreSQL au MySQL, hifadhidata zinazohudumia watu wengi kwa wakati mmoja.

Dalili: UPDATE moja imebadilisha watu wote

Umesahau WHERE, na sasa kila mwanachama anaitwa Asha. Usiguse Write Changes. Bofya Revert Changes, kila kitu kitarudi ulipohifadhi mara ya mwisho. Kama ulishahifadhi, hakuna kurudi nyuma ila kwa nakala ya akiba. Kwenye sqlite3, jizoeze kuanza na BEGIN; kisha UPDATE, kisha SELECT ya kutazama, ndipo COMMIT; au ROLLBACK;

Dalili: "database disk image is malformed"

Au umeme ulikatika katikati ya kazi na unaogopa kufungua faili.

Umeme kukatika peke yake kwa kawaida hakuui SQLite; imeundwa kuhimili. Ila unaweza kukuta faili jingine pembeni, kikundi.db-journal au kikundi.db-wal. Watu hulifuta kwa kudhani ni takataka, na kufuta huko ndiko kunakoharibu, kwa kuwa ndilo lenye habari za kurudisha mambo yalivyokuwa. Liache, usilibadilishe jina, fungua hifadhidata kama kawaida, SQLite itajirekebisha. Kisha endesha PRAGMA integrity_check. Na jibu zuri ni neno moja, ok.

Kama jibu si ok, acha kuandika chochote kwenye faili hilo. Nakili folda nzima. Ikiwa ni faili la zoezi, jaribu .recover ya sqlite3 juu ya nakala, au anza upya kutoka kwenye faili lako la amri. Ikiwa ni data za watu, ishia hapo umwite fundi wa hifadhidata. Kila jaribio juu ya faili lenyewe linaweza kupunguza kinachookoka.

Mpe nakala ya faili pamoja na -journal au -wal kama yapo, nakala ya akiba ya mwisho iliyo nzima, na mweleze bila kuficha kilichotangulia: flashi ilichomolewa, laptop iliishiwa chaji, faili lilinakiliwa programu ikiwa wazi. Majina na simu za wanachama ni taarifa binafsi, zinalindwa na sheria ya mwaka 2022 Tanzania na ya mwaka 2019 Kenya. Faili limfikie yeye peke yake, lisipitie kwenye grupu la WhatsApp.